Nyumba ni ya Mtu, Mtaa ni wa Watu

Mnunuzi wa nyumba Dar es Salaam huanza na vigae. Hugonga milango, hufungua mabomba, huhesabu vyumba vyenye choo ndani, huangalia dari kama ina madoa ya mvua, kisha husimama uani na kumuuliza dalali bei ya mwisho. Mtaa wenyewe huupita akiwa ndani ya gari, akija na akiondoka. Katika kazi ya uthamini nimeona mpangilio huo ukiwagharimu watu akiba ya maisha yao yote: mafao ya kustaafu, fedha za shamba lililouzwa nyumbani, mkopo wa miaka kumi na mitano.

Vigae hubandikwa upya kwa wiki moja. Paa huezuliwa, likaezekwa jingine. Lakini mfereji ulioziba chini ya kuta za majirani kumi, njia ambayo gari la wagonjwa halipiti, au mstari wa hifadhi ya barabara unaokatiza sebuleni, hakuna mnunuzi awezaye kuvirekebisha kwa fedha yake peke yake. Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: kagua kwanza yale ambayo mfuko wa mtu mmoja hauwezi kuyatibu, na karibu yote yako nje ya geti. Nyumba ije baadaye.

Jiji linajaa haraka. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ndani ya miaka kumi limepata watu zaidi ya milioni moja, nao wote walihitaji pa kulala. Mji umejinyoosha kando ya barabara za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, ukavuka hadi Kigamboni. Ardhi iliyoinuka, yenye barabara na maji, ilichukuliwa mapema. Kinachobaki sokoni kwa bei ya kuvutia mara nyingi ni bonde, ukingo wa mto, eneo lililotengwa kwa kazi nyingine, au mahali pa mbali ambapo huduma hazijafika. Bei ndogo ina sababu yake, na sababu hiyo ijulikane kabla ya malipo ya awali kutoka mfukoni.

Fuata njia ya maji

Ninapofika mtaani, jambo la kwanza ninalolitafuta ni mahali maji ya mvua yanakotoka na yanakokwenda. Desemba 2011 jiji lilipata mvua ambayo, kwa kumbukumbu za Mamlaka ya Hali ya Hewa, haikuwa imeonekana tangu 1954. Bonde la Msimbazi lilifurika, takribani watu 40 walipoteza maisha, na baadhi ya walionusurika wakahamishiwa Mabwepande. Maji yalirudi 2014, yakarudi 2018. Hata karakana ya mabasi yaendayo haraka pale Jangwani, ya mradi ulioanza kubeba abiria Mei 2016, imekumbwa na mafuriko mara kwa mara. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza bonde hilo. Kama serikali nzima inahitaji fedha za kiwango hicho ili kuudhibiti mto mmoja, mwenye nyumba aliyeinua msingi kwa matofali mawili ya ziada hajajikinga na kitu.

Si kila mafuriko hutoka mtoni. Ziko sehemu za Boko, Basihaya na Bunju ambako ardhi ni bapa na maji ya chini ya ardhi yako karibu na uso. Mvua ikizidi, maji hayana pa kukimbilia. Hutuama yakazizunguka nyumba kwa wiki nyingi. Anayetafuta mto hapo hatauona, naye ataondoka ameridhika.

Kwa hiyo tembea kwa miguu, na uitazame mitaa ya jirani pamoja na nyumba inayouzwa, kwa kuwa muuzaji ameshapaka rangi lakini jirani hajapaka. Tafuta mstari wa uchafu uliobaki ukutani. Tafuta vizingiti vya zege vilivyopandishwa milangoni hadi magotini, viroba vya mchanga vilivyopangwa kandokando ya geti, plasta iliyobabuka usawa mmoja nyumba baada ya nyumba. Nyumba za zamani zikiwa chini ya usawa wa barabara, ujue barabara imekuwa ikimwagiwa kifusi kila mwaka na maji yake yanaingia uani. Angalia kinachoota kwenye kiwanja kitupu: matete na magimbi hayakubali ardhi kavu. Ingia dukani ununue maji ya kunywa, kisha utazame rafu ya chini. Mwenye duka anayeanza kupanga unga na sukari usawa wa kiuno amefundishwa na masika.

Maswali nayo yawe mahususi. Ukimuuliza mtu kama mtaa una mafuriko, atajibu kwa adabu kwamba hapana, labda kidogo. Muulize masika ya 2024, yaliyokuja baada ya vuli ya El Niño, maji yalifika wapi na yeye alilala wapi. Swali lenye mwaka na mahali hupata jibu lenye mwaka na mahali. Waulize wapangaji kabla ya wenye nyumba, maana mpangaji hana bei ya kuilinda.

Kisha shuka na mteremko. Wanunuzi wengi huishia kuukagua mfereji uliopo mbele ya nyumba, ilhali kinachoamua ni kalvati iliyo mita mia tano chini. Mfereji msafi unaomwaga maji kwenye kalvati iliyojaa taka na mchanga utayarudisha maji yote ulikoyatoa. Ukikuta mtu amejenga ukuta juu ya mkondo huko chini, umepata jibu ambalo hata mjenzi hodari hawezi kulibadilisha. Kwenye mito ya Mbezi, Tegeta na Mpiji ongeza swali la mchanga. Uchimbaji wake umepanua kingo, na nyumba iliyojengwa mbali na maji inaweza kujikuta ukingoni bila yenyewe kusogea hata hatua moja.

Maji ya mvua hubeba pia siri za mtaa. Sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na bomba la majitaka. Kila nyumba ina shimo lake. Ardhi ikishajaa maji, mashimo nayo hujaa, na wapo wanaoisubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo. Anayepokea ni wa chini. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulionyesha jinsi jambo hilo linavyogeuka msiba. Kwa mzazi anayenunua nyumba ya kulelea watoto, swali la mashimo ya majirani wa juu linatangulia swali la idadi ya vyumba.

Mistari ambayo macho hayaioni

Mtaa unaweza kuwa mkavu, mpana na tulivu, na bado usiwe mahali pa kununua, kwa sababu ya mstari uliochorwa kwenye karatasi ofisini. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Zilikuwamo nyumba imara za familia zilizokaa hapo miaka mingi, zikiwa na maduka, shule na nyumba za ibada jirani. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009 zinaweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Katika kipande kile cha Morogoro hifadhi iliyosimamiwa ilikuwa zaidi ya mita 120 kila upande. Aliyepima kwa kufuata mazoea alipotea.

Hapa pana mtego ambao bei inauficha. Kadiri nyumba inavyoikaribia barabara kuu ndivyo inavyopanda thamani, na ndivyo inavyousogelea mstari wa hatari. Fremu za maduka zinazoelekea lami huleta kodi nzuri leo. Upanuzi ukija, ndizo za kwanza kuwekewa alama nyekundu ya X. Hali ni hiyo hiyo kwenye njia za umeme mkubwa, bomba la gesi, mabomba makuu ya maji yatokayo Ruvu na reli. Kandokando ya bahari na mito, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, wakazi wa bonde la Msimbazi waliyaona makali ya masharti hayo kwa macho yao, nyumba zilipobomolewa.

Mipango mikubwa nayo huweza kuufunga mtaa bila kuubomoa. Mwaka 2008 ulipotangazwa mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, wakazi wa maeneo yaliyohusika waliishi miaka mingi wakiwa hawawezi kuendeleza nyumba zao kwa uhuru wala kuhama kwa fidia. Mtu aliyenunua katikati ya kipindi hicho akidhani amewahi fursa alinunua kungoja. Na jirani wa mtaa akiwa taasisi kubwa, yapasa kumjua anafanya nini. Milipuko ya maghala ya silaha, Mbagala mnamo 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto mnamo 16 Februari 2011, iliua watu na kuharibu nyumba za raia ambao kosa lao lilikuwa kuishi karibu.

Mistari hii husomwa ofisini, na ofisi iko wazi kwa kila mwananchi. Nenda idara ya ardhi na mipango miji ya halmashauri husika, iwe Jiji (Ilala ya zamani), Kinondoni, Ubungo, Temeke au Kigamboni, uombe kuonyeshwa mchoro wa mipango miji wa eneo zima. Usitazame kiwanja chako pekee. Tazama kile kilicho wazi mbele yake: kimetengwa kwa makazi, shule, soko, kituo cha mafuta au barabara ambayo bado haijachongwa? Uwanja wa mpira ambao watoto wanauchezea leo unaweza kuwa umechorwa stendi ya mabasi. Baada ya hapo omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ili ujue mmiliki ni nani na kama kuna rehani au zuio. Mwisho mlipe mpima mwenye leseni aje kuzitafuta bikoni ardhini. Hatua ya tatu ndiyo wengi huiruka, ilhali hati inayosema kweli kuhusu kiwanja Na. 214 haikusaidii chochote ikiwa umeonyeshwa Na. 216.

Karatasi za mtaa zina ngazi zake. Hati miliki ya miaka 33, 66 au 99 iko juu. Leseni ya makazi, iliyotolewa kwa wingi Dar es Salaam kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kwa maeneo yasiyopimwa, ni haki ya muda mfupi inayohitaji kuhuishwa. Mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba watu wawili walikubaliana mbele ya mashahidi. Hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa na cha kuuza. Uliza majirani wana karatasi gani. Ukiwa wewe peke yako mwenye hati katika mtaa ambao wengine wote wana makaratasi ya mauziano, upo uwezekano kwamba hati yako ina hadithi ndefu, na uisikie yote. Na pale mtaa mzima ulipopitia urasimishaji pamoja, mipaka ikakubaliwa mbele ya wote, mashaka hupungua kwa kila nyumba.

Mchoro huishi kuliko nyumba

Ushahidi mzuri zaidi nilioukuta kuhusu thamani ya mtaa umetoka hapa hapa nchini. Miaka ya 1970 na 1980 serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia, iligawa viwanja vilivyopimwa kwenye ardhi tupu katika miji saba. Dar es Salaam ilipata Sinza, Kijitonyama na Mikocheni miongoni mwa maeneo hayo. Wakati huo huo, makazi mengine ambayo tayari yalikuwa yamejaa watu yaliboreshwa palepale kwa kuwekewa barabara na maji. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Guy Michaels walichapisha uchunguzi wa kilichotokea miongo kadhaa baadaye. Maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kuingia yalikuwa na nyumba bora na kubwa zaidi, na mpangilio uliobaki umenyooka. Maeneo yaliyoboreshwa baada ya kujaa hayakuonyesha nyumba bora kuliko makazi ya jirani ambayo hayakuguswa.

Funzo lake kwa mnunuzi ni kubwa. Nyumba za Sinza za awali zimebomolewa nyingi, zikapandishwa ghorofa, zikageuzwa hoteli na ofisi. Kilichodumu ni mistari: barabara zilizopishana na viwanja vyenye umbo. Mwenye nyumba wa leo anakula matunda ya kamba iliyovutwa na wapimaji kabla hajazaliwa. Upana wa njia ukishapotea haurudi kwa urahisi, maana kila mita inayodaiwa ni chumba cha mtu.

Mtaa uliopimwa, hata hivyo, haumaanishi mtaa uliokamilika. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulitoa viwanja Bunju, Mbweni, Kibada, Gezaulole, Buyuni, Mwanagati na kwingineko. Michoro ilikuwa mizuri, lakini katika baadhi ya maeneo lami, maji na shule vilichelewa miaka mingi, na waliohamia mapema walijichimbia visima na kusukuma magari kwenye tope. Aliyenunua akijua hivyo alifanya uamuzi wa busara. Aliyedhani huduma zingefuata mwaka ujao aliumia.

Wala sikubaliani na wanaosema mtaa usiopimwa usiguswe kabisa. Watu wengi wa jiji hili wanaishi katika makazi ya namna hiyo na hawataweza kununua kwingine. Ipo mitaa ya skwata iliyojitunza vizuri kuliko iliyopimwa. Hananasif, Kinondoni, miaka ya 1990, wakazi walishiriki wenyewe, kwa kushirikiana na Shirika la Kazi Duniani na wadau wengine, kuchimba na kujenga mifereji ya mvua na njia za ndani kwa nguvukazi. Mtaa wenye kumbukumbu ya kazi kama hiyo una mali isiyoandikwa kwenye hati yoyote. Katika maeneo ya aina hii kipimo changu ni futi kamba. Gari la zimamoto na la kunyonya majitaka lina upana wa takribani mita 2.5. Pima njia kuanzia barabara kubwa hadi getini, na upime mahali pembamba kuliko pote. Pakiwa chini ya mita tatu, kwa kawaida hapapitiki kwa gari hilo, na moto wa nyaya, mgonjwa wa usiku na shimo lililojaa vitakukuta peke yako.

Maisha ya kila siku

Baada ya maji na mistari huja huduma, ambazo zinabadilika na kwa hiyo hupewa uzito wa pili. Dalali atakuonyesha mita ya maji ya DAWASA. Mita inathibitisha kwamba bomba lipo. Maji yenyewe yaulizie kwa siku: yanakuja mara ngapi kwa wiki, saa ngapi, na wakati wa mgao wa Oktoba na Novemba 2022 mtaa uliishije. Nyumba zote zikiwa na matanki makubwa juu ya minara na pampu uani, wakazi wameshakujibu. Kisima nacho kionjwe. Katika ukanda wa pwani visima vingi vina chumvi. Sabuni haitoi povu, bomba huota kutu, na gharama ya kununua maji ya kunywa haiishi.

Umeme uuangalie saa moja jioni, wakati kila nyumba inapika na kupiga pasi. Taa zikififia na feni ikizunguka kwa shida, transfoma imeelemewa. Tatizo hilo linatibika, lakini hutegemea wakazi kufuatilia kwa pamoja.

Umbali upimwe kwa saa. Kilomita ishirini za Barabara ya Bagamoyo Jumapili mchana si kilomita ishirini za Jumatatu saa 12 asubuhi. Toka mtaani alfajiri kama mkazi: tembea hadi kituoni, panda daladala au bodaboda, fika kazini, urudi jioni. Mvua ikiwa imenyesha, ndiyo siku nzuri zaidi ya kujaribu. Nauli ya bodaboda ya mara mbili kwa siku, kwa watu watatu wa nyumba moja, inaweza kuzidi kodi ya nyumba iliyo karibu na lami.

Ahadi ya barabara isiongezwe kwenye bei. Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, na njia za mabasi yaendayo haraka zinaendelea kujengwa. Miradi hukamilika, lakini huchukua miaka, hubadilisha njia, na tumeona inavyobomoa. Lipia kilichopo siku unayonunua. Kitakachokuja kiwe faida yako, kisiwe deni ulilomlipa muuzaji mapema.

Watu

Mtaa wenyewe ni watu. Namna ya kuwasoma ni kutazama vitu wanavyovimiliki pamoja. Mfereji umezibuliwa kabla ya masika, na nani? Taka huchukuliwa siku ipi, na nani hachangii? Mwenye ghorofa jipya alipouleta ukuta wake barabarani, majirani walifanya nini? Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, usalimie, ujitambulishe kama mtu anayetaka kuhamia. Uliza mkutano wa mwisho wa wakazi ulifanyika lini na mapato na matumizi yalisomwa lini. Waulize akina mama wa kikundi cha kusaidiana msiba wa mwisho ulichangwaje. Mtaa unaozika pamoja kwa utaratibu huwa pia ndio unaoweza kuifuata TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mpaka kalvati ijengwe.

Fika Ijumaa au Jumamosi baada ya saa nne usiku, na ufike tena Jumapili asubuhi. Kelele za baa na za vipaza sauti vya ibada zina sheria, na lipo baraza la mazingira (NEMC) la kupelekewa malalamiko, lakini mtu anayenunua kwa matumaini ya kuifunga baa ya jirani amejinunulia kesi. Angalia pia mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Vituo vya mafuta, kumbi na gereji vimepenya kwenye mitaa ya makazi, na kimoja kikipata kibali, cha pili hakikawii.

Wapangaji watakupa ushahidi usio na upendeleo. Dar es Salaam mpangaji mara nyingi hulipa miezi sita au mwaka kwa mpigo. Anayelipa tena baada ya masika amepiga kura. Mtaa wenye mabango mengi ya kupangisha mwezi Juni umepigiwa kura ya hapana.

Bei huja mwisho

Sasa ndipo tunaingia ndani ya geti na kuzungumza fedha. Linganisha bei na kodi ambayo nyumba ingepata. Tuseme inauzwa shilingi milioni 150 na nyumba kama hiyo mtaani inapangishwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Kodi ya mwaka ni milioni 4.8, sawa na asilimia 3.2 ya bei. Itachukua zaidi ya miaka 31 kurudi, kabla ya matengenezo. Pengo kama hilo linamaanisha unalipia matarajio ya ardhi kupanda, basi ujiulize matarajio hayo yamejengwa juu ya nini. Uliza benki kama ingeipokea nyumba ya mtaa huo kama dhamana, hata kama huhitaji mkopo. Benki ikisita, ina sababu iliyoiandika mahali. Mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini ya 2016 atakupa takwimu za mauzo halisi ya jirani, na ada yake ni ndogo mno ukiilinganisha na hasara anayoizuia.

Uamuzi ufuate uzito. Ukikuta kasoro kwenye njia ya maji au kwenye mistari ya kisheria, ondoka. Usiombe punguzo, kwa sababu hakuna punguzo linalolingana na nyumba iliyobomolewa. Ukikuta kasoro kwenye maji ya bomba, umeme au umbali, zihesabu kwa shilingi, uzitoe kwenye bei, kisha uamue. Ukikuta kasoro kwenye vigae, nunua.

Kwa halmashauri zetu nina ombi moja. Vijana na wakazi waliochora mifereji na maeneo ya mafuriko kupitia mradi wa Ramani Huria, kuanzia 2015, walionyesha kwamba taarifa hizi zinaweza kukusanywa mtaa kwa mtaa na kuwekwa wazi kwa wote. Mchoro wa mipango miji, hifadhi za barabara na mito, na alama za mafuriko vibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya serikali ya mtaa, vikubwa, kwa Kiswahili, ili mjane mwenye fedha za mirathi avisome sawasawa na mfanyabiashara mwenye wakili. Nyumba nyingi zilizobomolewa jijini zisingejengwa kama mnunuzi wa kwanza angeuona mchoro ambao ulikuwapo kabatini.

Na wewe ukishanunua, kipimo kinageuka. Kuanzia siku hiyo wewe ni jirani wa chini wa mtu na jirani wa juu wa mwingine. Acha upana wa njia ulioukuta. Usijenge juu ya mkondo. Lipa mchango wa kuzibua mfereji hata mwaka ambao maji hayakukufikia, na uhudhurie mkutano wa mtaa ukiwa na swali la mapato na matumizi. Mtaa mzuri unaoutafuta leo ulitunzwa na watu waliofanya hivyo kabla yako, na thamani ya nyumba uliyoinunua itategemea kama nawe utafanya.